Siku tano Northumberland pamoja na mama mwenye goti bovu: ninaomba ushauri wenu

Bint Sefu aliandika:

Assalaam alaikum, na habari zenu nyote. Mimi na mume wangu tunaishi London, na mama yangu, ambaye ana umri wa miaka 68, yupo kwetu kwa matembezi. Mwishoni mwa Septemba tunakusudia kumpeleka kaunti ya Northumberland kwa siku tano. Mwenyewe amesema wazi kwamba majumba marefu ameshayaona ya kutosha, na sasa anataka bahari, kondoo malishoni na ule ukuta wa Warumi ambao amekuwa akiusikia tangu alipokuwa mwalimu wa historia. Kisiwa cha Lindisfarne ndicho alichokitaja mara nyingi kuliko kingine chochote.

Nimeandaa ratiba, lakini ninaiona ina kasoro ambayo siwezi kuinyooshea kidole. Siku ya kwanza tungeona ngome ya Alnwick asubuhi, ya Bamburgh mchana, kisha tungevuka kwenda Lindisfarne jioni ili tutazame machweo. Siku ya pili tungeenda kwenye ukuta, tumalizie kwenye msitu wa Kielder usiku kutazama nyota. Siku zilizobaki tungepumzika. Kwenye ramani ya simu sehemu hizi zinaonekana kupakana.

Mambo yanayonitia wasiwasi ni matatu. Kwanza, mume wangu ana leseni na huendesha gari mjini, ila hajawahi kuendesha kwenye njia nyembamba za mashambani, kwa hiyo sijui kama tukodi gari au tutegemee mabasi. Pili, goti la kulia la mama humsumbua anapopanda mwinuko, ingawa mahali tambarare hutembea vizuri kwa fimbo. Tatu, tunakula chakula halali. Mwenye uzoefu wa sehemu hizo asituonee haya, atukosoe tu.

Nahodha Mstaafu alijibu:

Wa alaikum salaam, binti yangu, na mfikishie mama shikamoo yangu. Kasoro uliyoihisi ipo katika neno moja tu la ratiba yako, nalo ni «jioni». Lindisfarne haiendewi jioni kwa sababu wewe unataka jioni. Inaendewa bahari inaporuhusu. Barabara ya kuingia kisiwani, iliyojengwa mwaka 1954, imelazwa chini kabisa kwenye matope na mchanga, na maji yanapojaa huifunika mara mbili kila siku. Halmashauri ya kaunti hutoa jedwali la saa salama za kuvuka, linalopatikana kwenye intaneti na kubandikwa kwenye vibao vya pande zote mbili za barabara hiyo. Jedwali hilo lifungue kwanza kabla hujalipia chumba chochote, kisha uzipange siku zako tano kulizunguka.

Ukilisoma, kumbuka kwamba limeandikwa kwa saa za Kizungu za tarakimu nne. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, limeandikwa 09:50 hadi 17:20. Maana yake ni kwamba mnaweza kuvuka kuanzia saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, na ni lazima muwe mmekwisha kurudi bara kabla ya saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Ninalieleza jambo hili kwa makusudi, kwa sababu nimewahi kusafiri na jamaa aliyesoma 17:00 akaielewa kuwa saa saba, na tukabishana ndani ya gari huku maji yakituhesabia. Vilevile saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo jedwali la juzi halina maana leo.

Lipo na jambo ambalo wageni wengi hawalijui, ila aliyezoea bahari atalielewa mara moja. Mwishoni mwa Septemba, mchana na usiku vinapolingana, bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana, huwa kubwa kuliko za miezi mingi. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupanda zaidi, na muda wa kuvuka huwa mfupi. Siku za maji mafu, ambazo bahari haijai wala kupwa sana, zinawafaa zaidi, hasa mkiwa na mtu asiyeweza kuharakishwa. Tazameni mwezi kabla ya kuchagua tarehe.

Mimi mwenyewe nilikaribia kuaibika hapo. Nilikuwa nikitoka kisiwani zikiwa zimebaki dakika chache kwenye jedwali, na mbele yangu barabara ilikuwa kavu kabisa, nikajiambia kwamba wenye jedwali wametia chumvi. Nilipokaribia daraja dogo lililo upande wa bara nikaona lami imeanza kung'aa, kisha nikaona mkondo mwembamba ukikatiza barabara kutoka kushoto, hauna hata povu. Sehemu ya chini ipo hapo, mwishoni kwa anayetoka kisiwani, kwa hiyo aliye upande wa pili haioni. Nilipita, lakini magurudumu yalirusha maji mpaka kwenye kioo, na mke wangu hakusema nami hadi Berwick. Kando ya daraja hilo pana kibanda cheupe juu ya nguzo ndefu, chenye ngazi. Watu hukipiga picha kama pambo, kumbe ndicho kimbilio la waliofanya hesabu kama yangu na bahati ikawakataa.

Kwa goti la mama, magofu ya kanisa la watawa yapo kijijini, mahali tambarare, na hadithi ya Mtakatifu Aidan, mtawa aliyefika hapo kutoka kisiwa cha Iona huko Scotland mwaka 635, inatosha kwa nusu siku. Mama atazijua pia habari za Waviking waliopavamia mwaka 793. Ile ngome ndogo juu ya mwamba itazameni kwa mbali, kwa kuwa njia yake ya mwisho ni mwinuko wa mawe. Kadhalika, msishawishiwe na ile njia ya mahujaji iliyowekewa milingoti mchangani. Ni ya watembea kwa miguu, ina masaa yake ambayo si ya magari, na kwa fimbo haifai.

Mkazi wa Hexham alijibu:

Dada Bint Sefu, Nahodha amemaliza habari za bahari, kwa hiyo mimi nitazungumzia ukuta na umbali. Ramani ya simu imekudanganya kidogo. Northumberland ni kaunti ya mwisho kaskazini mwa Uingereza, inapakana na Scotland, na watu wake ni wachache kulinganisha na ukubwa wake. Kutoka Bamburgh hadi Kielder ni safari ya karibu saa mbili kwa gari, na nyingi ya njia hizo hazina taa, wala duka, wala mtandao wa simu. Mkitoka kutazama nyota usiku wa manane, kisha mkaanza safari ya kurudi pwani, dereva atakuwa amechoka wakati ule ule ambapo paa na kondoo wanapenda barabara.

Kwa maoni yangu msilale mahali pamoja kwa siku zote. Laleni usiku tatu Alnwick au kwenye vijiji vya pwani, kisha usiku unaobaki mhamie Hexham, ambako mtakuwa karibu na ukuta na ambako pana kituo cha treni ya kurudi Newcastle. Nyota nazo hazihitaji Kielder. Hifadhi ya taifa ya Northumberland pamoja na eneo la Kielder zilitambuliwa mwaka 2013 kuwa hifadhi ya anga la giza, kwa hiyo mkisimama kwenye maegesho yoyote kando ya ukuta usiku usio na mawingu wala mwezi, mtaona Njia ya Maziwa kwa macho. Lakini hapa utaona mgongano: Nahodha anataka muutazame mwezi kwa ajili ya maji, nami ninataka usiwepo kwa ajili ya nyota. Mwezi mwandamo huleta giza zuri na bamvua kwa pamoja. Chagueni moja, na kama mama ameitaja Lindisfarne zaidi, basi kisiwa kitangulie.

Kuhusu ukuta wenyewe, ujenzi wake ulianza mwaka 122 kwa amri ya Kaizari Hadrian, na urefu wake ni kilomita 117, kutoka pwani hadi pwani. Hakuna anayeuona wote kwa siku moja, na sehemu kubwa imebaki msingi tu au imetoweka kabisa. Wengi hukimbilia ngome ya Housesteads kwa sababu ya mandhari, na kweli mandhari yake haina mfano, lakini kutoka maegesho hadi ngomeni ni mwendo wa robo saa kupanda kilima chenye nyasi na changarawe. Goti la mama halitausamehe mwinuko huo. Mpelekeni Chesters, ambayo ni ngome ya askari wa farasi iliyo kando ya mto North Tyne. Ardhi yake ni pana na laini, na mabaki ya hamamu ya askari yaliyo karibu na maji yamesimama kwa kimo kinachoshangaza. Katika chumba cha kubadilishia nguo bado pana vishubaka saba ukutani. Mume wako akitaka kupanda, apande Housesteads peke yake wakati ninyi mnakunywa chai. Ule mti mashuhuri wa Sycamore Gap msiutafute, kwa sababu ulikatwa usiku mmoja wa Septemba 2023 na kilichobaki ni kisiki.

Mabasi yapo, nami hutumia basi zaidi ya gari. Nauli ya safari moja kwa mabasi mengi ya Uingereza haizidi pauni 3 tangu Januari 2025. Basi namba X18 hutoka Newcastle, likapita Morpeth na Alnwick, kisha likafuata vijiji vya pwani hadi Berwick. Kando ya ukuta lipo basi liitwalo AD122, jina lililotokana na ule mwaka niliousema, ila ni la msimu. Ugumu haupo kwenye nauli, upo kwenye basi la mwisho, ambalo mara nyingi huondoka mapema kuliko mgeni anavyotarajia, na Jumapili huwa machache zaidi. Kwa watu wawili vijana ningesema basi linatosha. Kwa mama mwenye fimbo na saa za maji zisizongoja mtu, kodini gari, lakini lichukulieni Newcastle baada ya kupanda treni kutoka kituo cha King's Cross, badala ya kuendesha kutoka London na kufika mkiwa hoi.

Dereva Mpole alijibu:

Ninakubaliana na aliyetangulia, isipokuwa jambo moja: si lazima gari lichukuliwe Newcastle mjini, maana kuanza safari kwa vipilefti vya jiji usivyovijua ni kujipa homa ya bure. Ukipata ofisi ya nje kidogo ya mji, chukua hiyo. Omba gari dogo. Wahudumu watakushawishi upokee kubwa kwa nyongeza kidogo, na siku utakayokutana na trekta kati ya kuta mbili za mawe utamkumbuka aliyekushawishi.

Shemeji aelezwe mapema kuhusu kibao cha duara jeupe chenye mstari mweusi ulioinama. Hakimaanishi kwamba hakuna kikomo, wala hakimaanishi kwamba uende mwendo huo. Kwenye barabara isiyogawanywa katikati kikomo chake ni maili 60 kwa saa, na kibao hicho hicho utakikuta kimesimikwa mwanzoni mwa kijia ambacho hata maili 25 ni nyingi. Mwendo huamuliwa na kona iliyo mbele yako. Hata barabara kuu ya A1 kaskazini ya Morpeth ina vipande virefu ambavyo havijagawanywa, na mpango wa kuvipanua ulifutwa mwaka 2024, kwa hiyo utakaa nyuma ya lori kwa muda. Kaa tu.

Kwenye njia za gari moja utaona sehemu zilizopanuliwa kidogo za kupishania. Ikiwa upande wako wa kushoto, ingia humo umpishe anayekuja. Ikiwa upande wa kulia, usivuke kuingia humo. Simama usawa wake, yeye ndiye atakayeingia. Aliye karibu zaidi na sehemu hiyo ndiye anayerudi nyuma, kwa hiyo shemeji ajizoeze kurudi kinyumenyume kabla ya safari, si siku hiyo. Mkipishana, mwenzako atainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani bila kuuachia. Hiyo ndiyo salamu yao, na kutoijibu huonekana ni kiburi. Sehemu za kupishania si maegesho wala mahali pa kupigia picha, hata kondoo awe mzuri namna gani.

Jingine ni maegesho ya miji. Alnwick, Berwick, Morpeth na Hexham zina maegesho mengi ya halmashauri yasiyolipiwa, lakini ni lazima uweke nyuma ya kioo cha mbele kisahani chenye mshale unaoonyesha saa uliyofika. Huuzwa pauni 1 madukani. Usipokiweka unatozwa faini, ingawa maegesho yenyewe ni ya bure; mimi niliilipa, nikiwa nimesimama dakika kumi kununua mkate. Pwani, kama vile Bamburgh, Seahouses na kisiwani, mnalipia kwa mashine, kwa hiyo wekeni sarafu kadhaa garini, kwa sababu programu ya simu haisaidii mahali ambapo simu haishiki.

Mwisho, mkikatiza milima ya kati mtaona bendera nyekundu karibu na Otterburn. Ni eneo la mazoezi ya jeshi, na bendera ikipandishwa maana yake ni kwamba risasi ni za kweli. Geuzeni bila kujadiliana.

Bint Sefu aliandika:

Shikamoo Nahodha, na ninawashukuru nyote. Mama amesomewa majibu yenu, akacheka sana kwa habari za kutosemeshwa hadi Berwick. Tumekubali gari dogo, na mume wangu ameanza mazoezi ya kurudi nyuma kwenye uchochoro wa nyumba yetu. Bado sijapata neno kuhusu chakula na saa za swala, na pia ningependa kujua simu tufanyeje, kwa kuwa sote tunategemea ramani ya intaneti.

Mama Watatu alijibu:

Dada yangu, sisi tulikwenda na watoto watatu, kwa hiyo habari ya chakula tuliijua kwa njaa. Nyama halali vijijini usiitegemee. Nunueni Newcastle siku mnayochukua gari, mkodi nyumba yenye jiko na friji, nanyi mtakuwa mmemaliza nusu ya shida. Mkila nje, samaki ni neema ya pwani hiyo. Kijiji cha Craster kinajulikana kwa samaki aina ya heringi wanaokaushwa kwa moshi, na harufu yake huwapokea kabla hamjaona bandari. Kuhusu samaki na chipsi, ulizeni wanakaangia nini, kwa sababu baadhi ya maduka ya kaskazini hutumia mafuta ya ng'ombe, na kibao cha mlangoni hakisemi. Mimi niliuliza Seahouses, na dada wa kaunta akanijibu kwa upole, tena akaniita «pet», nikadhani amenifananisha na mnyama wa kufugwa. Kumbe kwao ni sawa na kusema mpenzi au mwanangu.

Jikoni za baa na mikahawa ya vijijini hufungwa kati ya mlo na mlo. Mkifika saa tisa alasiri mtapewa chai na keki tu, na jioni wengi huacha kupokea maagizo ya chakula mapema. Jumapili maduka makubwa hufunguliwa kwa saa sita tu, kwa sheria, kwa hiyo ununuzi wa Jumapili jioni usahau.

Kwa swala, tarehe zenu ni nyepesi. Mwishoni mwa Septemba jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni. Sisi tulikwenda Juni, jua likizama karibu saa nne usiku, na watoto wakakataa kulala kwa hoja kwamba bado ni mchana. Misikiti vijijini hamtaiona, ila ufuo wa Bamburgh maji yakiwa yamekupwa ni msala mpana kuliko yote niliyowahi kusalia.

Simu ipakieni ramani ya kaunti nzima mkiwa bado mna intaneti, na mchukue ya karatasi. Namba ya dharura ni 999; baharini au ufuoni ombeni walinzi wa pwani, na milimani ombeni polisi kisha waokoaji wa milimani. Tena majina msiyatamke kama yalivyoandikwa, maana sisi tumezoea lugha inayosomeka kama inavyoandikwa. Alnwick huitwa «Anik», Bellingham huitwa «Belinjam», na Ulgham, amini usiamini, ni «Afam». Mume wangu aliuliza njia ya «Alinwiki» mara tatu, na mzee mmoja akamwelekeza kwa heshima bila kumsahihisha, ila tulipoondoka tulimwona akitabasamu.

Kwa mama, msipitwe na makumbusho madogo ya Grace Darling pale Bamburgh. Alikuwa binti wa mlinzi wa mnara wa taa, na mwaka 1838 yeye na baba yake walipiga makasia katika dhoruba kuwaokoa watu wa meli ya Forfarshire. Kaburi lake lipo ng'ambo ya barabara, kanisani. Hakuna mwinuko wowote.

Bint Sefu aliandika:

Tumeibadilisha ratiba. Treni hadi Newcastle, ununuzi wa nyama na gari. Usiku tatu karibu na Alnwick, na siku ya Bamburgh tutaona ngome kwa nje tu, kisha makumbusho. Kisiwa kitakuwa siku yenye muda mrefu wa kuvuka mchana, si ya machweo. Kisha Hexham, na Chesters. Kielder tumeiacha. Nahodha, nimelitazama jedwali: siku tuliyoichagua njia ni salama kuanzia 10:05 hadi 17:35. Mama anataka tutoke kisiwani saa kumi na moja jioni ili apate muda zaidi. Je, inatosha?

Nahodha Mstaafu alijibu:

Tokeni saa kumi, binti yangu. Mwambie mama kwamba chai inauzwa na upande wa bara pia.